Chunusi na Dawa ya Kupaka Usiku

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Hapana bweni lisilo na kioo, wala hapana kioo cha bweni kisichogombaniwa asubuhi. Ukiwatazama vizuri wanaokigombania utaona kuwa wengi hawachani nywele, bali wanahesabu chunusi. Mimi nimo katika hesabu hiyo tangu kidato cha pili. Kwa kuwa nimefanya kosa kubwa, kisha nikapata dawa, nimeonelea nieleze yote mawili, na wazee wetu nao wasome, maana wao ndio watoao fedha.

Kwanza tuondoe dhana. Wako wasemao chunusi ni uchafu, wengine husema ni karanga, na wengine hucheka tu na kusema ni mapenzi. Ukweli ni kwamba ndani ya ngozi mna tezi ndogo ndogo za mafuta ambazo hufungukia katika matundu ya vinyweleo. Mtu abalehepo, homoni huzifanya tezi hizo zitoe mafuta mengi kuliko zamani, ndiyo sababu nyuso zetu hung'aa kama karai la maandazi. Mafuta hayo peke yake hayana dhara. Shida huanza pale chembe za ngozi zilizokufa ndani ya tundu zinapogandamana badala ya kupukutika moja moja, zikafanya kizibo. Nyuma ya kizibo mafuta hurundikana, bakteria huyala na kuongezeka, mwili nao huja kupigana nao, na hapo ndipo tupatapo uvimbe, maumivu na usaha. Kizibo kikiwa wazi kwa juu, hugeuka cheusi, na weusi huo si uchafu hata kidogo. Basi mwenzangu asuguaye uso kwa sabuni ya kufulia mara nne kwa siku anasugua mlango, na mwizi yumo ndani.

Sasa nieleze kosa langu. Hapa Lusahunga malori ya kwenda Rusumo hupita mchana na usiku, na penye wasafiri hapakosi wachuuzi. Kwa mchuuzi mmoja nilinunua kopo dogo la krimu lisilo na maandishi ila picha ya uso mzuri. Kwa majuma mawili niliona maajabu: uvimbe ulishuka, uso ukawa laini na mweupe kidogo, nikasifiwa. Juma la tano uso uliwaka moto, chunusi zikarudi kwa wingi, zote za ukubwa mmoja, hata kidevuni ambako sikuwa nazo. Nilipoacha kupaka, hali ikazidi kuwa mbaya.

Daktari aliponiona hakuuliza maswali mengi. Alisema hiyo ni kazi ya steroidi, dawa zilizo katika jamii ya klobetasoli na betamethasoni. Ni dawa njema kwa magonjwa fulani ya ngozi zitumiwapo kwa siku chache na kwa amri ya daktari. Lakini zikipakwa usoni kwa muda mrefu hukonda ngozi, huzaa chunusi zake zenyewe, na ngozi huzoea hata ikikosa hulipuka. Serikali yetu imepiga marufuku vipodozi vyenye dawa hizo, pamoja na vyenye zebaki na haidrokwinoni, na tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania. Hata hivyo mikorogo ingali ikiuzwa, nasi wanafunzi tu wateja wazuri.

Dawa niliyoandikiwa baada ya ngozi kutulia ni ya jamii iitwayo retinoidi, ambayo ni ukoo mmoja na vitamini A. Kila mzazi anaijua vitamini A, kwa kuwa watoto wadogo hupewa matone yake mara mbili kwa mwaka. Mtu asidhani, lakini, kwamba akila maini mengi chunusi zitakwisha. Ya kupaka ni asidi ya vitamini hiyo, iitwayo tretinoini. Nyingine ya ukoo huo, iliyotengenezwa baadaye, ni adapalini. Mwaka 1969, huko Philadelphia, Marekani, Albert Kligman na wenzake James Fulton na Gerd Plewig walitangaza kwamba asidi hiyo ikipakwa huondoa chunusi. Sipendi kuficha kwamba Kligman alifanya majaribio mengi ya dawa za ngozi juu ya wafungwa wa gereza la Holmesburg, jambo lililolaumiwa sana baadaye, na kwa haki.

Kazi ya retinoidi ni kuzifanya chembe zile zilizokufa zisigandamane. Kizibo hulegea, na vipya havifanyiki. Kwa hiyo haipakwi juu ya chunusi moja moja kama wengi wafanyavyo na dawa ya meno, bali hupakwa mahali pote panapotoa chunusi, kwa sababu zile za mwezi ujao zimekwisha anza kufanyika chini na hazijaonekana. Ndiyo sababu pia haina haraka. Majuma 8 hadi 12 ndiyo muda wa kuanza kuihukumu, na katika majuma ya kwanza chunusi zaweza kuongezeka. Wengi huiacha hapo, wakasema dawa imewadhuru. Tena haipunguzi mafuta ya uso. Mimi nilitumaini uso using'ae, nao ungali unang'aa. Nilichopungukiwa ni vizibo.

Namna ya kutumia nilifundishwa hivi. Usiku, baada ya masomo ya jioni, naosha uso kwa maji na sabuni laini, nangoja kama dakika 20 mpaka ukauke kabisa, kisha nachukua dawa kiasi cha punje moja ya kunde na kuieneza uso mzima, nikiepuka macho, midomo na pembe za pua. Punje moja, si mbili. Kuzidisha hakuharakishi ila huchubua. Mwanzoni nilipaka usiku mmoja na kuacha mmoja, maana ngozi hukauka na kubanduka kama maganda ya kitunguu. Mafuta mepesi yasiyo na manukato husaidia. Tretinoini huharibiwa na mwanga, na ngozi iliyopakwa huungua upesi juani, kwa hiyo siku za kulima shamba la shule huvaa kofia pana. Walionicheka wamekwisha choka. Iko pia dawa iitwayo benzoili peroksidi, ambayo huweza kuivunja tretinoini zikipakwa pamoja, basi anayepewa zote mbili amwulize daktari saa ya kila moja.

Liko jambo moja kwa dada zetu na mama zetu. Mwenye mimba, au anayetazamia kupata, hatumii retinoidi. Iko hata ya kumeza, isotretinoini, ambayo hukausha tezi za mafuta zenyewe na huponya chunusi mbaya sana, lakini humlemaza mtoto aliye tumboni. Daktari akimwuliza msichana swali hilo si kwamba anamtukana. Amjibu kweli.

Waganga wa ngozi ni wachache katika nchi yetu. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kimekuwapo tangu mwaka 1992 chuo cha kufundisha uganga wa ngozi, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Baadhi yao ni matabibu wa kawaida warudio katika hospitali zao. Kwa hiyo si lazima mtu asafiri mbali kabla ya kuuliza karibu.

Mimi sasa nipo juma la 14. Chunusi mpya ni moja moja. Mabaka meusi bado yapo, hasa shavu la kushoto, na nimeambiwa kuwa kwa ngozi nyeusi hayo hukawia kuliko chunusi zenyewe, pengine miezi mingi. Wenzangu wawili wa bweni wameniomba niwagawie dawa yangu. Nimewanyima, wamekasirika, na Jumamosi tumeomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu twende sote watatu kwa daktari. Mmoja wao bado anapaka lile kopo la picha.