Kiwanda cha Kahawa Mbele ya Kamera Kubwa

Kuanzia Mwihoko kwenda Ruiru na Thika, nyumba za kupanga zinazidi kujengwa kwenye ardhi iliyokuwa mashamba makubwa. Mengi yalikuwa ya kahawa. Mibuni hung'olewa kwa siku chache tu. Kiwanda cha shambani hufa polepole zaidi: mota huondoka kwanza, kisha mabati, kisha vyuma huuzwa kwa kilo, na mwisho hubaki matangi ya saruji ambayo watoto wa mtaa hawajui yalikuwa ya nini. Muda wa kuyapiga picha unaisha, na kwa maoni yangu chombo kinachoifaa kazi hii kuliko vyote ni kamera kubwa ya filamu, ile ya kitambaa cheusi na miguu mitatu.

Sababu za kifo hicho zinajulikana. Msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna karibu tani 130,000 za kahawa. Julai 1989 mgawo wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka, na mavuno ya nchi hayajarudi tena kwenye kiwango kile. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012 baada ya kupanuliwa, hamu ya viwanja ikapanda. Inauma kwamba haya yanatokea hapa hapa, ambako watafiti wa Ruiru walitoa aina ya mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985 ili kumwokoa mkulima na magonjwa ya mibuni.

Kabla ya kufungua kamera, elewa kwanza mahali penyewe palivyofanya kazi. Kiwanda cha kahawa hujengwa kwenye mteremko, karibu na mto, kwa kuwa maji ndiyo yanayoisukuma kazi. Juu ndipo beri nyekundu zilipopokewa na kuchambuliwa. Chini yake ni mashine ya diski ya kumenya maganda, kisha matangi ya kuvundikia ili utelezi uachane na buni, kisha mfereji mrefu wa kuoshea, ambamo buni nzito huzama na nyepesi hupelekwa na maji. Mwisho ni meza za waya za kuanikia. Picha ya kutu na majani yanayotambaa ukutani hupendeza, lakini inaweza kuwa ya popote. Ninayoitaka ni ile inayomwezesha mtazamaji kuufuata mteremko huo kwa jicho, hatua kwa hatua.

Hapo ndipo kamera kubwa inapoonyesha thamani yake. Kipande kimoja cha filamu ya inchi 4 kwa 5 kina eneo la picha takriban mara 13 ya kile cha milimita 35, hivyo nyufa za saruji na nyuzi za waya hubaki zikionekana hata picha ikikuzwa kufikia ukubwa wa mlango. Isitoshe, lenzi na filamu zimeunganishwa kwa mvukuto, na kila upande husogezwa peke yake. Ukisimama chini ya mteremko na kuielekeza kamera ya kawaida juu, nguzo za banda huonekana zikianguka kwa nyuma. Kwa kamera kubwa, iache kamera ikiwa wima, kisha pandisha lenzi peke yake. Nguzo zitasimama zilivyo. Mfereji nao una dawa yake. Inamisha lenzi mbele kidogo, na sakafu yote, kutoka miguuni pako hadi mwisho wa mfereji, itaonekana kwa ukali mmoja. Kanuni hiyo ina jina la Theodor Scheimpflug wa Austria, aliyeieleza mwaka 1904 akishughulikia picha za ramani. Haya yote unayaona kichwa chini, juu ya kioo cha ukungu, ukiwa umejifunika kitambaa.

Ndani ya banda mwanga ni haba, na hapo hesabu haikwepeki. Tuseme unataka kupiga maandishi yaliyosubiwa kwenye chuma cha mashine. Miongoni mwa zilizotumika sana Kenya ni za McKinnon wa Aberdeen, Uskoti. Ukitaka herufi zitokee kwenye filamu kwa ukubwa wake halisi, lenzi ya milimita 150 itadai mvukuto uvutwe hadi milimita 300, na hapo muda huongezeka mara nne. Kipima mwanga kikisema sekunde 8, tayari ni 32. Lakini filamu nayo hupoteza wepesi mwanga unapokuwa hafifu kwa muda mrefu. Kwa FP4 Plus, mtengenezaji wake Ilford anaelekeza muda upandishwe kwa kipeo cha 1.26, na zile 32 zinakuwa kama 79. Kwa dakika hiyo na ushei usitembee kwenye sakafu ya mbao. Mtikisiko mdogo tu hufuta ukingo wa herufi.

Kwa picha za nje, subiri Juni hadi Agosti, anga letu linapofunikwa na mawingu ya baridi. Bernd na Hilla Becher, Wajerumani walioanza mwaka 1959 kupiga minara ya maji na matanuri ya chuma kwa kamera kubwa, walipendelea anga la namna hiyo kwa kuwa halitupi vivuli vikali. Ninawaheshimu sana, ila sikubali kuishia nje kama walivyofanya mara nyingi. Banda letu kwa nje ni mabati matupu; maarifa yako ndani.

Omba ruhusa kwa mwenye shamba, zungumza na mlinzi, na usikanyage paa wala kuvunja vigae vya asbestosi. Kisha watafute waliofanya kazi hapo, wengi wao bado wanaishi karibu. Waonyeshe picha iliyochapishwa kubwa, waulize nani alisimama wapi, maji yalifunguliwa saa ngapi, beri mbaya zilitupwa upande gani. Majibu yao yaandike kwa penseli kwenye bahasha ya negativu, pamoja na tarehe, mahali na upande ulioelekeza lenzi, na nakala ya picha waachie.