AFYA YETU: Kwa nini mgonjwa wa kansa ya titi huchorwa alama?

Baadhi ya akina mama wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa hupewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kutibiwa kansa ya titi. Wengine wakisikia neno "mionzi" huogopa. Hudhani ni moto utakaounguza moyo. Wengine hukataa kwenda, na ugonjwa unaendelea kuenea.

Mionzi haionekani kwa macho. Huua chembe za kansa zilizobaki baada ya upasuaji. Lakini nyuma ya titi kuna pafu. Upande wa kushoto kuna moyo pia. Kazi hii ni kama kupalilia kahawa: unaondoa magugu bila kukata mizizi ya mkahawa. Kwa hiyo wataalamu hupima kwanza, ndipo watibu.

Namna ya zamani ya kupima
Mgonjwa hulala chali, mkono ukiwa juu ya kichwa. Hupigwa picha ya eksirei. Kisha mionzi hupitishwa kimshazari kutoka pande mbili, ili ipate titi na kugusa sehemu ndogo tu ya pafu. Njia hii imewasaidia wengi. Lakini picha ya eksirei ni bapa. Haionyeshi vizuri moyo uko umbali gani.

Namna mpya
Mashine ya siti skani hupiga picha nyingi, kama vipande vya mkate. Kompyuta huziunganisha. Mtaalamu huona titi, pafu na moyo, na huhesabu kiasi cha mionzi kitakachofika kila mahali. Ocean Road ilianza kutumia mashine mpya za mionzi, ziendeshwazo kwa umeme, mwaka 2018. Kabla ya hapo ilitegemea mashine za kobalti.

Katika hospitali nyingine duniani, mgonjwa wa titi la kushoto huambiwa avute pumzi nyingi na kuizuia kidogo. Mapafu hujaa hewa, na moyo husogea mbali na mionzi.

Mambo ya kukumbuka
1. Alama zilizochorwa mwilini ndizo mipaka ya tiba. Usizifute.
2. Wakati wa tiba usitikisike. Mionzi yenyewe haiumi.
3. Ngozi inaweza kuwa nyeusi au kuwasha. Usipake dawa yoyote kabla ya kumwuliza mganga.
4. Mionzi ya mashine haibaki mwilini. Unaweza kumbeba mtoto wako.
5. Maliza siku zote ulizopangiwa. Mara nyingi tiba ni Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki 3 au 5. Usiikatize ili kuwahi mavuno ya kahawa. Ndugu nyumbani wamsaidie shambani.

Mama, ukigusa uvimbe kwenye titi, hata kama hauumi, nenda zahanati wiki hiyo hiyo. Baba, usimzuie.

Maswali ya kujadili darasani
1. Kwa nini wataalamu hupima kabla ya kutibu?
2. Kijiji chetu kinaweza kumsaidiaje mgonjwa aliyepewa rufaa?