Kiwanja cha wote kinapopata mwenyewe

Juma hili tuzungumze juu ya udongo. Hatusemi udongo wa shamba, wala ule wa parseli ambao kila familia inaulinda kwa ukuta na kufuli. Tunasema udongo wa kartie: uwanja ambamo watoto wanacheza mpira, njia tunayopita kwenda kisimani, mtaro unaopokea maji ya mvua, pembe ya soko tunapotandika mboga. Udongo huo hauna jina la mtu, ndiyo maana tunadhani hakuna anayeweza kuuchukua. Kumbe ndio unaochukuliwa upesi kuliko mwingine wote.

Hapa Lubumbashi tumekwisha kuona jinsi inavyokwenda. Kwanza wanakuja watu wawili watatu na kamba, wanapima na kupigilia vijiti. Majuma machache yanapita. Lori linamwaga mchanga. Kisha ukuta unainuka, na siku hiyo ndipo wamama tunatoka kupiga kelele. Mara nyingi tunakuwa tumechelewa, kwa sababu kiwanja kilikwisha kugawiwa kwenye karatasi kabla ya tofali la kwanza kuletwa.

Mji wetu ulichorwa tangu mwanzo bila wenyeji kuulizwa. Ulipoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, Wazungu walijiwekea upande wao na wafanyakazi Waafrika wakawekewa wao, na eneo tupu likaachwa katikati ili wasichanganyike. Kamalondo ilizaliwa hivyo, na baadaye zikafuata Kenya, Katuba na Ruashi. Ulikuwa mpango wa ubaguzi, wala hatuusifu. Lakini hata wale waliouchora walijua kwamba watu hawakai kwenye nyumba peke yake. Waliacha mahali pa masomo, pa soko, pa barabara na pa maji kupita.

Leo mji una komine saba, na ile ya Annexe, inayozunguka zingine, ndimo mji unamopanuka. Huko mashamba yanakatwa kuwa parseli mwaka hadi mwaka. Mwenye kuuza anatafuta parseli nyingi iwezekanavyo, na mwenye kununua anatafuta bei nafuu. Nani atakayeacha nafasi ya shule? Nani atakayeacha njia ya maji? Mvua zinapoanza Novemba, maji hayaulizi makaratasi ya mtu. Yanaingia nyumbani, na anayeamka usiku kuinua magodoro na kubeba watoto ni mama. Shule ikiwa mbali, anayehangaika na mtoto wa miaka sita kwenye barabara ya malori ni mama vilevile. Mpango wa kartie ni jambo la jikoni kwetu, hata kama unajadiliwa ofisini.

Sheria inasema nini?

Tuliketi na sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973, tukaisoma polepole kama tunavyosoma na wanafunzi wetu. Mambo matatu yanatuhusu sana.

La kwanza: udongo wote wa Kongo ni mali ya serikali. Mtu anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inahakikishwa na karatasi inayoitwa kwa Kifaransa “certificat d’enregistrement”. Karatasi ya kuuziana iliyoandikwa mbele ya shefu wa kartie inasaidia kuonyesha nani alimlipa nani, lakini haishiki nafasi ya hiyo.

La pili: udongo uliowekwa kwa kazi ya watu wote, kama uwanja wa shule ya serikali, barabara au soko, hauuzwi wala haugawiwi mpaka serikali iwe imeuondoa kwanza katika kazi hiyo kwa njia halali. Neno la ofisini ni “désaffectation”. Wamama, tulishike neno hili. Mtu akifika na vijiti katika uwanja wa shule akisema ana makaratasi, swali letu ni moja: barua ya désaffectation iko wapi, na imetiwa sahihi na nani? Hatuna haja ya kutukana wala ya kurusha mawe. Swali hilo peke yake lina uzito.

La tatu ndilo linalotuhangaisha. Certificat ikikwisha kuandikwa na miaka 2 ikapita, sheria inaikinga, na kuipinga mahakamani kunakuwa kugumu sana. Kwa hiyo kila mwezi tunaonyamaza unamsaidia aliyechukua. Mtu anaweza kupata karatasi leo, akaacha kiwanja kitupu, akangoja. Sisi tunaona nyasi na watoto wakicheza, tunasema hakuna neno. Naye anahesabu siku.

Yaliyotokea katika kartie moja

Katika kartie moja ambamo baadhi yetu tunafundisha, vijiti vilionekana nyuma ya vyoo vya shule wakati wa likizo kubwa, walimu na wanafunzi wakiwa majumbani. Aliyeviona kwanza ni mama mmoja muuza mandazi, anayepita hapo kila alfajiri. Hakungoja. Jioni ileile aliwaambia wenzake wa likelemba, na kesho yake wamama tisa walikwenda kwa shefu wa kartie. Shefu alisema hajui lolote. Walimwomba aandike kwamba hajui lolote, atie na mhuri. Karatasi hiyo ndogo ilisaidia sana baadaye, maana hakuna aliyeweza kudai kwamba kartie ilikubali.

Wamama walitafuta wazee waliokuwapo shule ilipojengwa, wakapima uwanja kwa kamba, wakachora mchoro kwenye ukurasa wa daftari, wakakusanya sahihi, wakapeleka barua komine. Walirudi huko mara nne. Vijiti viliondolewa, uwanja upo hadi leo. Lakini tuseme kweli yote: sehemu ya mtaro pembeni ya shule ilikuwa imekwisha kujengwa miaka ya nyuma, na hapo hakuna kilichorudi. Kila mvua kubwa, darasa la pili linajaa maji, na walimu wanawahamishia watoto barazani. Ule uwanja ulipata mtu wa kuuliza mapema. Mtaro haukupata.

Tunaweza kufanya nini?

Kwanza, tuvijue viwanja vyetu. Kila kundi la wamama lifanye orodha ya mahali pa wote katika avenyu zake: shule, visima, mitaro, njia, soko, uwanja. Tuandike mpaka wake ni upi na wazee gani wanaujua. Wazee wanakufa, daftari linabaki.

Pili, tuandike barua, na tuandike pamoja. Kipengele cha 27 cha Katiba ya mwaka 2006 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mkubwa wa serikali, peke yake au pamoja na wengine, na mkubwa huyo anapaswa kujibu katika miezi 3. Kipengele hicho kinasema pia kwamba mtu hawezi kushtakiwa kwa sababu ya kupeleka ombi hilo. Angalieni, haikusemwa “kila mwenye parseli”. Mpangaji anaweza kutia sahihi, na mjane, na binti anayekaa kwa wazazi wake. Barua iwe na nakala, na nakala ipigwe mhuri wa mapokezi na tarehe. Bila tarehe, miezi 3 itahesabiwa tangu lini?

Tatu, tuwatumie tuliowachagua. Katika uchaguzi wa Desemba 2023 tulichagua pia washauri wa komine. Barabara za komine, mitaro, masoko na nafasi za miti ni mambo ya baraza lao. Mshauri asiyejua kilio cha avenyu yenu hawezi kukipeleka. Mwiteni katika mkutano wenu, mumwonyeshe daftari, mumwulize atarudi lini na jibu.

Nne, habari itembee. Mara nyingi mama wa avenyu ya kwanza ameona vijiti, mama wa avenyu ya tatu amesikia bei, na mama wa sokoni anamjua mnunuzi. Kila mmoja ana kipande, na hakuna mwenye habari nzima. Ndiyo maana tunaomba kila kundi liteue mama mmoja wa kuleta habari za kartie kwa gazeti letu kila juma: kijiti kipya, mtaro ulioziba, kisima kilichofungwa, mkutano uliotangazwa na mkutano uliofanyika kimya. Alete anachokiona kwa macho yake, pamoja na siku na mahali. Majina ya watu tusiyatangaze kabla ya kuhakikisha, kwa kuwa uvumi unavunja majirani na kumsaidia mwizi.

Likizo kubwa zinakaribia, nazo shule zitabaki tupu. Tunapanga wamama wawili wawili kwa kila shule, wapite mara moja kwa juma na kutazama. Walio tayari wajiandikishe kwa wasimamizi wa makundi yao mkutano ujao, na waje na daftari.