Kindu: Alama za tairi, vikwembe na programu ya kompyuta

KINDU – Mvua ikiisha kunyesha, pikipiki huacha mistari yao kwenye matope ya barabara za Kindu, na hakuna anayesimama kuiangalia. Mfalme mmoja wa Wakuba, huko Kasai, aliiangalia. Mwanahistoria Jan Vansina anasimulia kwamba katika miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha pikipiki. Mashine haikumvutia; alama za tairi mchangani ndizo zilizomshika. Akaamuru zinakiliwe, na urembo huo ukapewa jina lake.

Ile ilikuwa chapa: umbo limechongwa kwenye mpira, likagandamizwa, likajirudia. Mchonga mbao anayepaka ubao wake wino na kuulalia karatasi hufanya vilevile. Jambo jipya ni kwamba wasanii wengine hawachori tena kwa mkono. Wanaiandikia kompyuta kanuni, kwa mfano: chora mistari 10, kila mmoja uuinamishe kidogo kwa bahati nasibu. Kinachotokea wanakichonga ubaoni na kukichapa.

Georg Nees alionyesha michoro ya kompyuta huko Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1965. Lakini kwa kijana wa Kindu, mji ambao umeme ni wa shida, wa kumfuata ni Vera Molnár, mzaliwa wa Budapest aliyeishi Paris. Kabla ya kuifikia kompyuta mwaka 1968, alikuwa ametumia karibu miaka tisa kufuata kanuni zake kwa mkono, hatua kwa hatua, kana kwamba yeye ndiye mashine.

Leo programu ya bure kama p5.js hufunguka hata kwenye simu. Chapa nayo haidai kiwanda: ubao, kisu, wino na mgongo wa kijiko vinatosha.

Bahati nasibu yenyewe si ngeni. Katika kikwembe cha waksi halisi, utomvu uliopakwa kitambaani hupasuka, rangi ikapenya kwenye nyufa, na hakuna meta mbili zinazofanana. Hesabu pia ipo: hisabati inajua njia 17 tu za kurudiarudia urembo ili ujaze uso mzima. Mwaka 1971 mwanahisabati Donald Crowe alizikuta 12 kati yake katika kazi za Wakuba.

Maniema ina urembo wake, miduara yenye kitone katikati ambayo Walega waliichonga kwenye pembe za ndovu. Kijana wa Kindu anayetaka kuiandikia kanuni ataiona zaidi kwa picha. Pembe nyingi zenyewe ziko Ulaya, zikiwemo zile za makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji.