Manowari Isikatwe Tumbo

Mtu mwenye printa ya 3D akitafuta faili la manowari ndogo, iwe frigeti ya kisasa au meli ya vita vya zamani, mara nyingi atapata meli iliyokatwa kwenye mstari wa maji. Juu kuna kila kitu: milingoti, mizinga, mabomba ya moshi, hata boti za kuokolea. Chini hakuna kitu, ni bapa tupu. Sababu inaeleweka. Modeli hizi nyingi hutengenezwa kwa michezo ya vita ya mezani, ambako meza ndiyo bahari, na chombo chenye kitako bapa hukaa vizuri mezani na huchapika bila taabu. Lakini kwa mwalimu wa fizikia au historia wa Masasi au Newala anayetaka wanafunzi waielewe meli, ukataji huo unaondoa sehemu yenye maelezo mengi kuliko zote. Ushahidi ulio karibu na watu wa uwanda wa Makonde ni kisa cha manowari ya Kijerumani Königsberg, na kisa hicho kinapita katika mto wao wenyewe.

Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, kisha ikarudi kujificha katika delta ya Rufiji, kwa kuwa mitambo yake ilihitaji matengenezo. Waingereza waliitafuta pwani nzima. Mwezi uliofuata manowari yao Chatham ilifika Lindi, mahali Mto Lukuledi unapoingia baharini, na ndani ya mto huo ikakutwa meli ya Kijerumani Präsident, ikipeperusha bendera ya msalaba mwekundu na kudai kuwa hospitali. Waliopanda kuipekua walikuta hati zilizoonyesha kwamba makaa ya mawe yalikuwa yamepelekwa Salale, ndani ya Rufiji. Kabla ya Oktoba kwisha, Königsberg ikawa imeonekana. Ilionekana, lakini haikufikika, na hapo ndipo habari inapohama kutoka kwenye mizinga na kwenda chini ya maji.

Meli hiyo ilikuwa na urefu wa mita 115.3, upana wa mita 13.2, na tumbo lake lilizama karibu mita 5.3. Kina hicho kiliiruhusu kupita kwenye mafungu ya Rufiji kwa kungoja maji yajae, huku Chatham na wenzake wakibaki nje, mizinga yao ikishindwa kumaliza kazi. Novemba 1914 Waingereza walizamisha meli ya makaa, Newbridge, katika mkondo ili kuziba njia ya kutokea. Hawakupata ushindi mpaka walipoleta vyombo viwili vya aina nyingine kabisa, Severn na Mersey. Hivi vilijengwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazil. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa mita 81 hivi, upana wa karibu mita 14.9, na kilizama mita 1.7 tu. Yaani vilikuwa vifupi kuliko Königsberg lakini vipana zaidi, na vilizama chini ya theluthi moja ya kina chake. Viliingia mtoni tarehe 6 Julai 1915, vikarudi tena tarehe 11, vikisaidiwa na ndege zilizoelekeza risasi zinakoangukia, na siku hiyo ya pili Königsberg ikaangamia.

Sasa tuzichapishe zote tatu kwa skeli ya 1:700, ambayo wapenzi wa modeli huitumia sana. Königsberg inakuwa na urefu wa sentimita 16.5. Tumbo lake la chini ya maji linakuwa na kina cha milimita 7.6, na la Severn milimita 2.4. Printa ikiweka tabaka za milimita 0.2, sehemu ya kwanza inakula tabaka 38 na ya pili 12. Mwanafunzi akizipanga kando kwa kando, mkuku kwa mkuku, jibu la miezi minane ya mzingiro analiona kwa jicho na kulipima kwa rula. Akipewa modeli zilizokatwa, ataona Königsberg ndefu na ya kutisha, ataona vyombo viwili vifupi vyenye mizinga miwili mikubwa kila kimoja, na atabaki na swali: kwa nini manowari kubwa za Waingereza hazikwenda zenyewe?

Wachapishaji wana hoja ya kweli dhidi ya tumbo zima. Printa ya uzi wa plastiki hujenga kuanzia chini kwenda juu, na chombo cha mviringo kisicho na kitako bapa huhitaji vishikizo vingi vinavyoacha makovu vikibanduliwa. Tiba yake ni nyepesi: kata faili kwenye mstari wa maji, lakini uchapishe vipande vyote viwili, kila kimoja kikilalia upande wake uliokatwa, kisha uviunganishe kwa gundi. Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kwamba modeli ndogo haiwezi kuwa ya kweli. Hilo ni sahihi kwa kiasi fulani. Nozeli ya kawaida ina tundu la milimita 0.4, hivyo ukuta wa mistari miwili una unene wa milimita 0.8. Ukikuzwa mara 700, ukuta huo ungekuwa chuma cha sentimita 56, unene ambao manowari nyepesi kama Königsberg haikuwahi kuwa nao. Mitutu ya mizinga nayo lazima inenepeshwe, la sivyo haitachapika. Lakini makosa hayo yote yako kwenye unene wa vitu vyembamba. Umbo la nje la tumbo halidaiwi kitu na nozeli, ndiyo maana ni sehemu ya modeli inayoweza kuaminika kuliko nyingine zote, na ndiyo tunayoitupa.

Kuelea ni jambo jingine, na hapa skeli ina amri. Uzito hupungua kwa mchemraba wa skeli. Tani 3,390 za Königsberg zikigawanywa kwa 700 mara tatu zinakuwa gramu 10 hivi, na kwa chombo chepesi kiasi hicho mvutano wa uso wa maji unaanza kuingilia matokeo. Kwa majaribio ya beseni ni afadhali 1:200. Meli inakuwa sentimita 58, inachapishwa kwa vipande vitatu, na inatakiwa kuwa na gramu 424, huku Severn ikiwa na 160 hivi. Plastiki ya PLA ni nzito kuliko maji, kwa hiyo tumbo lazima liwe na uwazi ndani, na uzito unaopungua uongezwe chini, karibu na mkuku, la sivyo modeli itapinduka. Weka mchanga kwenye beseni, mimina maji yasimame sentimita 1.5 juu yake, sawa na mita 3 za Rufiji. Severn inapita. Königsberg, inayohitaji sentimita 2.65, inakwama mchangani. Ongeza maji mpaka bamvua, nayo inanyanyuka. Mbinu hii si ya kitoto: William Froude alifungua birika lake la majaribio Torquay, Uingereza, mwaka 1872, akakokota modeli za nta kujua nguvu ambayo meli halisi ingehitaji. Nta yake ilichongwa kwa ajili ya kile kilichokuwa majini.

Wapo watakaouliza kwa nini plastiki iingie katika nchi ya wachongaji, ambako mpingo umechongwa kwa ustadi unaojulikana duniani. Mchongaji wa Kimakonde ana uwezo wa kuchonga meli, tena nzuri. Ila jaribio letu linadai vyombo vitatu vya skeli moja, vyenye uwazi ndani na uzito uliopangwa, na shule ya Newala ipate matokeo yaleyale ya shule ya Lukuledi. Kwa kazi hiyo faili lina faida. Wala printa si ndoto ya mbali: karakana ya STICLab ya Dar es Salaam imewahi kuziunda kutokana na vifaa vya kielektroniki vilivyotupwa.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni kwamba tunawapa watoto mashine ya kuua waichezee. Vita vile havikuishia Rufiji. Mizinga kumi ya Königsberg iliopolewa, ikatumika nchi kavu na jeshi la Kijerumani chini ya Lettow-Vorbeck, na mapigano yakafika bonde la Lukuledi, hadi Mahiwa, Oktoba 1917. Wapagazi waliobeba mizigo ya pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa na maradhi. Kwa sababu hiyohiyo ningetaka mizinga kumi ichapishwe kama vipande vya kuchomoa, kila mmoja wenye urefu wa sentimita 2.1 kwa skeli ya 1:200. Mwanafunzi aichomoe mmoja mmoja, na mwalimu amwambie kwamba mtutu mmoja halisi ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja, halafu amuulize ni nani walioukokota kutoka mtoni, na walikula nini njiani.