Jibu Lililoingia Jumamosi

Alhamisi, Aprili 18, 2024, wahandisi wa maabara ya JPL iliyoko Pasadena, California, walituma amri kwa chombo cha anga cha Voyager 1, kisha wakabaki kusubiri. Amri ilihitaji saa 22 na nusu kukifikia chombo, na jibu lilihitaji muda kama huo kurudi. Ijumaa ikapita kimya. Jumamosi jibu likaingia, na chumba kikalipuka kwa shangwe: baada ya miezi mitano ya kubwabwaja, mzee yule wa angani alikuwa ameeleza hali yake kwa lugha inayosomeka.

Ugonjwa wenyewe ulianza Novemba 2023. Chombo hicho, kilichorushwa Septemba 5, 1977, kiliendelea kusikia amri, ila kilichokuwa kikituma kilikuwa fujo tupu ya moja na sifuri. Baada ya uchunguzi wa miezi kadhaa ikabainika kwamba chipu moja ya kumbukumbu katika kompyuta yake imekufa. Kuibadilisha haiwezekani, kwa kuwa iko kilomita zaidi ya bilioni 24 kutoka hapa. Ikabidi programu iliyokuwa inakaa kwenye chipu hiyo ikatwe vipande, kila kipande kitafutiwe pa kujibanza kwingine, kisha vyote vipangwe upya ili viweze kuitana. Fundi simu wa Kariakoo akigusa waya na taa isiwake, anagusa mwingine papo hapo. Wenzake wa Pasadena kila wakigusa walisubiri karibu siku mbili kujua kama taa imewaka.

Wengi hudhani ucheleweshaji huo unatokana na uzee wa mitambo. Sivyo. Mawimbi ya redio ni ndugu wa damu wa mwanga, na husafiri kwa kasi ileile: mita 299,792,458 kwa sekunde, au tuseme kilomita laki tatu. Kwa kasi hiyo ungeizunguka Dunia mara saba na nusu ndani ya sekunde moja. Duniani hiyo ni sawa na papo hapo. Angani ni mwendo wa konokono, na hakuna ujumbe unaoweza kuupita.

Afrika Mashariki iliwahi kuonja ladha ya jambo hili. Kabla nyaya za chini ya bahari hazijafika pwani mwaka 2009, simu nyingi za ng'ambo zilipitia setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Sauti ilipanda, ikashuka, na jibu likafuata njia hiyohiyo. Jumla, kama nusu sekunde. Ilitosha kuvuruga maongezi. Huyu anaanza, yule anaanza, wote wananyamaza kupishana, kisha wote wanaanza tena: "Haloo? Haloo?"

Mirihi ndiko nusu sekunde inakogeuka kuwa dakika. Kutegemea sayari hizo mbili zimekaa vipi, ujumbe huchukua kati ya dakika 3 na 22 kwenda tu. Mswahili hapo amepatikana. Habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi: salamu nne zilizojibiwa moja moja, Mirihi ikiwa mbali kabisa, zingemaliza karibu saa tatu kabla mtu hajasema shida yake.

Ndiyo maana gari la Curiosity, lilipotua huko Agosti 2012, lilijishusha lenyewe. Kutoka kugusa anga la Mirihi hadi kufika chini kulichukua dakika 7 hivi. Ishara zilihitaji karibu 14 kufika Duniani. Habari kwamba chombo kimeanza kuingia ilipowafikia wahandisi, gari lilikuwa limeshatua, au limeshavunjika, dakika 7 zilizopita. Breki ya kukanyaga haikuwepo.

Hapa msomaji wa matangazo ya bando atauliza: intaneti ya kasi haisaidii? Husaidia kwa jambo jingine. "Kasi" ya bando ni unene wa bomba, yaani maji mengi kiasi gani yanapita kwa wakati mmoja. Desemba 2023 chombo cha Psyche kilituma kwa leza video ya paka, safi kabisa, kutoka umbali wa kilomita milioni 30 na ushei. Bomba lilikuwa nene kuliko la nyumba nyingi. Paka hata hivyo alitumia sekunde 101 njiani.

Makosa nayo hulipiwa kwa saa. Julai 2023 amri iliyokosewa iliigeuza antena ya Voyager 2 digrii 2 mbali na Dunia, mawasiliano yakakatika. Dishi kubwa la Canberra, Australia, likapaza sauti kwa nguvu zake zote. Saa 37 baadaye, Agosti 4, chombo kikaitika.

Voyager 1 kinatarajiwa kufikia umbali wa siku nzima ya mwanga Novemba 2026. Amri ikitumwa Jumatatu saa mbili asubuhi itakifikia Jumanne saa mbili asubuhi, na jibu litafika Jumatano, saa ileile. Dunia itakuwa imejizungusha mara mbili, na dishi lililotuma litakuwa limerudi kutazama upande uleule.