Kazi za Wanafunzi Wetu Zisiishie Kabatini

Kila mwaka vijana wetu wanaosoma fani ya kompyuta hutakiwa, kabla ya kuhitimu, watunge programu moja ya kutatua shida fulani ya jamii. Huipanga, huitunga, huionesha mbele ya walimu, hupewa alama. Na siku ya pili yake kazi ile hufa. Kitabu chake chenye jalada gumu hutiwa kabatini, na programu yenyewe hubaki katika kompyuta ya mwanafunzi mpaka kompyuta hiyo iharibike au iuzwe. Mwaka unaofuata kijana mwengine huianza upya shida ile ile tangu mstari wa kwanza, kana kwamba hapakupata kuwa na aliyemtangulia.

Hasara hii si ya chuo peke yake. Tuliwahi kuingia katika ofisi moja ya umma, ambayo hatuna haja ya kuitaja, tukamkuta karani akiandika kwa mkono katika daftari huku kompyuta tatu zimefunikwa vitambaa. Leseni ya programu iliyonunuliwa ilikuwa imekwisha, muuzaji hapokei simu, na hapakuwa na mtu mwenye haki wala uwezo wa kuifungua programu ile aitengeneze. Fedha ya wananchi ilikwisha kutoka. Na katika chuo kisicho mbali na ofisi hiyo, mwanafunzi alikuwa amekwisha kutunga kitu kinachokaribiana na kile kilichokuwa kikitakiwa.

Kwa maoni yetu, daraja baina ya kabati la chuo na meza ya karani ni programu huria: yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi, na ambayo kila mtu ameruhusiwa kwa maandishi kuisoma, kuitumia, kuirekebisha na kuigawa. Lakini uhuria huo hauji wenyewe mwisho wa kazi. Hupangwa tangu siku ya kwanza.

Mwezi wa Agosti 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, akiwa na umri wa miaka 21, aliwaandikia wenziwe kuwa anatunga mfumo wa kuendeshea kompyuta kwa kujifurahisha tu, wala hautakuwa kitu kikubwa. Mwezi uliofuata aliutoa hadharani ungali mbichi: mistari kama 10,000 hivi, ukifanya kazi katika aina moja tu ya mashine, ile aliyokuwa nayo yeye. Ruhusa aliyoandika mwanzoni ilikataza kuuza. Mwaka 1992 akaibadilisha akachukua leseni ya GPL, iliyotokana na harakati alizozianzisha Richard Stallman mwaka 1983, ambayo humruhusu kila mtu kuitumia kazi kwa sharti kwamba akiigawa baada ya kuibadilisha, naye aiache wazi. Toleo namba 1.0 lilitoka Machi 1994, likiwa limepita katika mikono ya watu wengi. Kiini hicho, Linux, ndicho kilichomo leo ndani ya simu za Android walizonazo mifukoni wavuvi na wachuuzi wetu.

Tunalolitaka msomaji aliangalie hapa si umaarufu wa kijana yule, bali udogo wa alichokianza. Wanafunzi wetu hukosea papo hapo. Tuchukue mfano wa mwani, kilimo kilichoanza kibiashara katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na ambacho wakulima wake wengi ni wanawake. Kijana akitaka kuwatungia programu, huandika katika ombi lake kuwa itaweka hesabu ya mavuno, itatangaza bei, itatabiri hali ya hewa, itapokea malipo kwa simu na itamkutanisha mkulima na mnunuzi wa ng'ambo. Mwalimu husifu. Muda ukiisha, kila kimoja kimeanzwa na hakuna kilichokwisha. Lau angelichagua jambo moja tu, yaani kilo zilizopimwa leo, aina ya mwani, bei, na stakabadhi ya kumpa mama yule mkononi, angelilimaliza, na wengine wangeliongeza yaliyobaki.

Tena ratiba ya chuo sharti ipatane na ratiba ya bahari. Mwanafunzi anayekwenda Paje au Jambiani wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa, atawakuta wenyewe wamo shambani mwao baharini, na atarudi mjini na majibu ya watu wasiolima. Aende maji mafu, akae, asikilize, aone daftari wanalolitumia sasa. Mpango ulioanzishwa na kampuni ya Google mwaka 2005 wa kuwalipa wanafunzi watunge programu huria katika likizo ya kiangazi, ambao tangu 2022 umewafungulia mlango hata wasio wanafunzi, umelizingatia jambo hili: kijana huandika kwanza ratiba ya kazi yake, hupewa mlezi, kisha hutengewa muda wa kuzoeana na watu wa mradi kabla ya kuanza kuandika msimbo. Kazi yake hukaguliwa katikati na tena mwisho. Hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mlezi anayetokea siku aliyoahidi.

Kumaliza nako kuna kipimo chake. Mwanafunzi mwengine, asiyeijua kazi ile, apewe maelezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili na msimbo wenyewe, aachwe peke yake. Ikiwa mpaka jua kuchwa hajaweza kuiwasha programu ile katika kompyuta yake, kazi haijesha, hata kama walimu wameipigia makofi. Kwa hivyo robo ya mwisho ya muda isiongezwe jambo jipya lolote. Iwe ya kusahihisha, kuandika maelezo na kukabidhi.

Wanaodhani kuwa haya ni ndoto watazame takwimu za afya. Mfumo wa DHIS ulianza Afrika Kusini katika miaka ya 1990, ukaendelezwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, na wanafunzi wa huko pamoja na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa na mkono wao ndani yake. Zanzibar ilianza kuutumia katikati ya miaka ya 2000, kisha ikahamia DHIS2, na nchi zaidi ya 70 zimeutumia. Ni programu huria. Hakudumu kwa sababu kila mwanafunzi aliyeugusa alikuwa fundi hodari; umedumu kwa kuwa una mlinzi wa kudumu, na anayehitimu humwachia mwengine msimbo ulio wazi na maelezo yake.

Tunajua hofu ya wakubwa wa ofisi: programu ikiwa wazi, je, siri za watu hazitakuwa wazi? Hapana, maadamu mambo mawili hayachanganywi. Kinachofunguliwa ni msimbo. Majina ya wagonjwa, hesabu za fedha na maneno ya siri hubaki ndani ya ofisi, wala mwanafunzi asipewe hata kwa majaribio. Ajaribie kwa majina ya kubuni. Tunachokiomba kwa kila wizara ni kidogo: itaje shida moja iliyo ndogo, na imteue ofisa mmoja wa kuipokea kazi na kuitia katika matumizi.

Na chuo kinachotaka kuanza kianze na kabati lake. Zichaguliwe kazi tatu za miaka iliyopita zinazoelekea kufaa. Wenyewe waulizwe kwanza, kwani kazi isiyotolewa leseni haiwezi kutumiwa na mwengine kwa halali hata ikiwa imewekwa hadharani. Wengi wao wangalipo hapa hapa visiwani, na majina yao yameandikwa katika majalada ya vitabu vile.